Fimbo Haijafika Kasolo

Lubumbashi, tarehe 6 Februari 2023

Yaya Victorine, mtoto wa kwanza wa baba yetu,

Salamu nyingi kutoka nyumba yangu yote. Mke wangu Chancelvie anakushukuru kwa samaki wa kukausha. Walifika salama, ila Moussa aliwapakia chini ya mapipa ya mafuta, na tumewala na harufu yake. Abigaïl ameingia mwaka wa pili chuoni. Amenipita urefu, na siku hizi ananisahihisha Kifaransa changu mbele ya wageni. Mvua hapa haikati. Maji yaliingia hadi chumba cha ngoma, tukazitoa nje kuzianika kama mihogo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zetu zimechukuliwa. Merdi, mpwa wa mfalme wetu Mulopwe, ambaye sasa anajiita mkurugenzi wa kabineti, ametuamuru sisi wote tunaotumika ndani ya uzio wa Mulopwe tuziache getini. Anasema ni usalama. Na huko kwenu najua antena ilianguka tangu Noeli. Basi lori la samaki la Moussa ndilo posta yetu.

Umeniuliza kwa mdomo wa Moussa kazi iko namna gani. Yaya, kazi iko. Watu wa mji wakiniona na koti langu jekundu wanafikiri mimi ni mlinzi wa hoteli. Hawajui. Mulopwe hasafiri kwenda kuamua ugomvi wa watu wake, anatuma. Mwaka uliopita nilikwenda Mokambo, mpakani, ambako vijana wetu waligombania sehemu za kuuzia hadi mmoja akatobolewa jicho. Polisi walikuwa wamekwenda, wakashindwa. Nilisimamisha fimbo yake katikati yao, nikasema, "Mulopwe anasema: kaeni chini." Wakakaa, yaya! Watu wazima, visu mfukoni, wakakaa vumbini.

Baba alikuwa akisema mfalme ana miguu mingi, na kila mguu una jina la mtu. Mpishi wake, mlinzi wa mlango wake, mpiga ngoma wake, mshika fimbo wake: hao ndio serikali, wengine ni wageni wa kula. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni majivuno ya mzee. Sasa naona ni kweli, na sifichi kwamba najivunia.

Mulopwe anawasalimu. Alikuja mjini kwa matibabu kama mnavyojua, na madaktari wanaendelea. Msisikilize maneno ya barabarani.

Wafikishie wote wa Kasolo salamu, na uupitie msalaba wa mama kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Alphonse Kapya


Kasolo, tarehe 2 Machi 2023

Alphonse, mdogo wangu,

Tuko wazima, ukiondoa goti langu ambalo linatabiri mvua kuliko redio. Mihogo imekubali. Mwanangu Osée anafundisha darasa la tano na la sita chumba kimoja, maana mwalimu mwenzake amekimbilia machimbo ya Kinsevere. Jioni anarudi bila sauti, tunaongea kwa mikono. Chancelvie mwambie mapipa ya Moussa nimeyasikia, na Moussa mwenyewe amesikia kutoka kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita yaliingia magari meupe na mashine ya kutoboa udongo. Waliokuwa ndani hawakusalimu mtu. Walitoboa karibu na kisima, wakatoboa nyuma ya shule, wakafunga utepe mwekundu kwenye mipapai yangu. Nilipofika makaburini nilikuta msalaba wa mama umepakwa rangi ya machungwa, mstari mmoja, kama wanavyopaka mti wa kukatwa.

Kapita wetu, mkuu wa kijiji, aliwauliza nani amewaruhusu. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya chuma, akajibu, "Grand Chef alishakubali. Mutahama mbele ya kiangazi kuisha."

Osée akamuuliza, "Nani alisikia?"

Kijana akacheka. Kapita hakucheka. Akamwambia, "Hapa neno ya Mulopwe inakuyaka na fimbo. Fimbo haiyafika Kasolo." Na mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema fimbo hiyo iko mkononi mwa mdogo wangu, na siku mdogo wangu atakapofika ndipo tutajua Mulopwe amesema nini. Walipanda magari yao wakaenda. Watu walinipigia vigelegele. Nimekutumia kama ngao, Alphonse, na sijakuomba ruhusa.

Ndiyo maana nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika jicho la kijana wa Mokambo. Umeandika ngoma zilizolowa. Hukuandika kama Mulopwe anakula, kama anakaa, kama anaongea. Nimekubeba mgongoni, najua wewe ukitaka kuruka shimo hulitazami. Nijibu bila kuzunguka: Mulopwe yuko hai?

Yaya wako,
Victorine


Lubumbashi, tarehe 25 Machi 2023

Yaya,

Natumaini goti limepoa. Sisi tuko.

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Merdi aliniita barazani, akaniuliza dada yangu ni nani hata apime afya ya mfalme. Nikamwambia ni mjane, muuza samaki. Akasema, "Baba Alphonse, weye ni muntu wa kubeba. Haiko muntu wa kuuliza. Na familia yako vilevile." Aliongea kwa upole, huku akinitengenezea kola ya koti.

Kuanzia leo mpe Moussa barua aipeleke kwa Chancelvie, pale anapouza mboga kwenye soko la mtaa wa Kenya. Usiandike jina langu juu ya bahasha.

Mulopwe yuko hai. Hilo naweza kuliandika.

Yaya, ulikuwa ukipenda kwenda Kilwa kwa shemeji zako, kukaa ziwani na kula samaki wabichi. Nenda kabla ya Pasaka. Kaa huko muda mrefu. Chukua na vitu vizito, kitanda na cherehani, Moussa atavibeba. Mwambie na Osée aombe shule nyingine.

Usiniulize kwa nini.

A.


Kasolo, tarehe 19 Aprili 2023

Alphonse,

Nakusalimu. Sikwenda Kilwa. Cherehani iko pale pale dirishani, na kitanda nimekilalia jana.

Pasaka ilikuwa nzuri. Padri alifika kwa pikipiki, amelowa matope hadi kwenye stola. Jumanne yake, watoto walikuwa wakicheza barabarani, gari la Mulopwe likapita. Vioo vilikuwa vimefungwa. Osée alikuwa ameshika watoto wasigongwe, na anasema ndani aliona koti jekundu. Nikamwambia makoti mekundu ni mengi. Gari lilikwenda upande wa Mwenda, kijiji cha jirani zetu, na likarudi jua likiwa bado juu. Halikusimama tena. Lilipita mbele ya makaburi, Alphonse. Unajua jinsi barabara inavyojikunja pale: anayepita lazima ageuze shingo asiuone msalaba.

Siku iliyofuata watu wa Mwenda walianza kupita wakiwa na mabati kichwani. Walituambia. Fimbo ilisimama mbele ya kanisa lao, na mdomo wa Mulopwe ulisema: hameni. Na kwa kuwa ni fimbo, walihama. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyelia kwa sauti. Walibomoa wenyewe nyumba zao. Mashine zilikuja nyuma yao kumalizia kuta.

Kwangu analala mjane mmoja wa huko, Mama Chanda. Amenisimulia yote huku akipepeta unga. Anasema alipoiona fimbo alikimbia ndani kutafuta pemba, udongo mweupe, akajipaka kifuani na mikononi kama inavyotakiwa, akapiga magoti, akapiga makofi. Baada ya kusikia neno akauliza, "Tuhame mupaka wapi?" Anasema mshika fimbo alimtazama, akatazama chini, hakuwa na jibu. Hakupewa. Mama Chanda hajui mimi ni dada ya nani. Sijamwambia. Mkate wangu anaula akinishukuru, na mimi namwitikia.

Nakukumbusha jambo moja, maana ulikuwa mdogo. Baba yetu alikuwa mshika fimbo wa Mulopwe aliyepita. Siku moja mke mkubwa wa mfalme alimwita ampelekee neno kwa watu wa mto, ya kwamba mfalme amelala lakini amesema. Baba alikataa. Akamwambia, "Mama, mimi ni mdomo, sio sikio la mlango. Asiponiambia mwenyewe, sina kitu cha kubeba." Alirudi nyumbani siku hiyo akifikiri watamfukuza. Mfalme alipoamka alimpa ng'ombe.

Basi sitakuuliza kama ulikuwa ndani ya gari. Nakuuliza hili tu: neno la Mwenda, ulilisikia kutoka mdomoni mwake?

Victorine


Lubumbashi, tarehe 14 Juni 2023

Yaya wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Moussa alikuja mara kadhaa akiuliza kama kuna barua, na kila mara Chancelvie alimrudisha mikono mitupu kwa sababu nilikuwa nimeichana. Sisi ni wazima. Baridi ya kiangazi imeanza, asubuhi tunaota moto wa makaa. Abigaïl amefaulu, ila haongei nami sana. Amesoma barua yako. Sikumkataza.

Juu ya Mwenda sitaandika leo.

Nitajibu ulichouliza. Tangu mwanzo wa mwaka, chumba cha Mulopwe wanaingia watu wawili tu: Merdi, na Albertine mpishi. Sisi wengine tunapokea maneno mlangoni kutoka kwa Merdi. Nilimpigia makofi Merdi kama ninavyompigia mfalme, na neno nikalibeba. Umeona sasa.

Kisha barua yako ikafika. Nilimfuata Albertine jikoni, nikamwambia, "Mama Albertine, mimi nataka kumuona." Hakuacha kukatakata majani ya sombe. Akasema, "Jumapili Merdi anaenda kuangalia mpira. Ile pipa ya maji ya kuoga inanishinda mugongo. Kuya unibebee." Ndivyo tu. Nimeishi na mama huyu uani miaka yote hii, na sikujua kama naye alikuwa akingoja mtu aulize.

Jumapili mchana niliingia na maji ya moto. Nitakwambia ukweli wa moyo wangu, yaya. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta mfungwa. Nilijua atanishika mkono, aniambie hakusema kitu, wamemwibia jina lake. Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni nimtoe nje mbele ya majirani. Usiku kucha nilikuwa nimefurahi, ukitaka kujua.

Upande wake mmoja umekufa. Mdomo umevutwa. Amekuwa mwepesi, Albertine anamgeuza kwa mkono mmoja. Lakini macho ni yale yale. Akaniambia polepole, "Kapya. Umekawia."

Nikapiga makofi, nikalala chini. Nikamwambia, "Mulopwe, watu wa Mwenda wamehama. Watu wa Kasolo wanaambiwa wahame. Wanasema ni wewe."

"Ni mimi."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akarudia, na kila neno lilimchosha. "Mi njo nilisema. Merdi haiko na akili ya kusema ile."

Nikasahau adabu. Nikamuuliza kwa nini. Albertine akaacha kukamua kitambaa. Mulopwe alinitazama kama mtu anayetafuta njia rahisi ya kumweleza mtoto. Akasema, "Hawa bantu batachimba tu. Nikikataa, batachimba. Karatasi ya kuchimba beko nayo toka Kinshasa. Sasa chagua, Kapya: baseme balininyanganya, ao baseme nilibapa? Mufalme mwenye bananyanganya, haiko mufalme tena."

"Na watu?"

Akasema, "Umesikia kwa mudomo yangu. Sasa peleka Kasolo."

Nilipiga makofi, nikatoka na pipa. Maji yalikuwa bado ya moto. Sikumbuki kama tulimwosha.

Jibu lako ndilo hilo, yaya. La Mwenda sikulisikia, na lilikuwa kweli. La Kasolo nimelisikia. Kwa sheria ya baba sina pa kujificha. Nimeambiwa kwa mdomo, nibebe. Gari litaondoka mwezi wa saba, baada ya sikukuu ya Uhuru na pilikapilika zake. Tunakaa ndani ya uzio wake. Nikikataa, Chancelvie na Abigaïl wanalala wapi? Chancelvie mwenyewe anakunja nguo na kuzikunjua.

Sikuombi uniambie nifanye nini. Niambie jambo moja tu. Nikisimamisha fimbo pale Kasolo, utapiga magoti?

Alphonse


Kasolo, tarehe 27 Juni 2023

Alphonse,

Moussa anangoja na injini inawaka, kwa hiyo salamu utazisoma wewe mwenyewe kati ya mistari.

Ndiyo. Nitapiga magoti. Ni fimbo aliyoibeba baba yangu, na Mulopwe ni Mulopwe. Nitajipaka pemba, nitapiga makofi, nitasikiliza hadi mwisho. Sitakuaibisha mbele ya watu.

Kisha nitaingia nyumbani kwangu na sitatoka. Merdi akitaka nitoke, atume mtu wa kunivuta mkono. Nitaomba awe wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyepewa neno.

Victorine


Kasolo, tarehe 24 Julai 2023

Alphonse, uko wapi?

Naandika bila kujua unalala wapi. Moussa amesema mezani pa Chancelvie pale sokoni kuna mwanamke mwingine. Anaahidi kutafuta. Kama uko hai na barua hii imekufikia, soma yaliyotokea hapa, maana najua hakuna aliyekwambia.

Walikuja Alhamisi asubuhi, wiki mbili zilizopita. Kapita alikuwa ametukusanya uwanja wa shule. Kila mama alikuwa na pemba kwenye kitambaa. Gari likasimama. Mimi nilipiga magoti hata kabla mlango haujafunguliwa, na goti hili, kwa sababu nilitaka ukishuka, mimi niwe wa kwanza unayemwona. Mlango ukafunguka. Nikaona viatu vyenye ncha. Nikajua si vyako.

Alikuwa Merdi. Alikuwa amevaa koti lako jekundu, mikono ya koti inafika kwenye vidole vyake, na fimbo ameishika chini sana, kama mtu anayeshika jembe. Nyuma yake askari wawili. Akasema, "Mulopwe anasema." Hakuna aliyepiga makofi. Akarudia.

Kapita akauliza, "Kapya iko wapi?"

"Kapya ni mugonjwa."

Hapo Mama Chanda akasimama. Yule wa Mwenda, Alphonse, ambaye hana nyumba hapa wala shamba. Akasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, "Huyu haiko mudomo ya Mulopwe! Huyu ni mutoto ya dada yake! Kule kwetu nilipiga magoti ju nilimuona Kapya. Kapya alikuwa na haya, hakuweza hata kunitazama, lakini alikuwa Kapya. Huyu ni nani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Osée akapita mbele, akamwambia Merdi kwa heshima kwamba kijiji kitamsubiri mshika fimbo apone. Merdi akapandwa na hasira. Akainua fimbo, akampiga nayo begani.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Siyo ya bega. Ya watu. Baba aliibeba maisha yake yote, na wewe baada yake, na haikuwahi kugusa mwili wa mtu. Wazee walifunika macho. Merdi mwenyewe aliitazama kama imemponyoka. Kisha mama mmoja akakunja kitambaa chake cha pemba, akageuka, akaenda zake. Akafuata mwingine. Uwanja ukabaki na Merdi, gari, askari, Osée chini, na mimi bado magotini, kwa sababu sikuweza kuinuka peke yangu. Mama Chanda ndiye aliyenishika kwapani.

Askari walimchukua Osée hadi Kilwa, wakamweka ndani. Padri alimfuata, akamtoa. Amerudi na bega limeshuka, hawezi kuandika juu ubaoni. Mtoto mmoja anamwandikia. Magari meupe yameondoka. Wanasema wakubwa wao hawataki kelele. Hakuna aliyesema hawatarudi.

Nimemwambia Mama Chanda mimi ni dada ya nani. Kesho yake akaamka, akapepeta unga kama kawaida.

Sasa niambie uko wapi.

Yaya wako


Lubumbashi, mtaa wa Katuba, tarehe 21 Agosti 2023

Yaya,

Niko hai, sote tuko hai. Moussa alitupata kwa kuuliza kanisa hadi kanisa. Tuna chumba kimoja Katuba, nyumba ya binamu ya Chancelvie. Abigaïl anasomea barazani, na ameanza tena kunisahihisha, jambo ambalo limenifurahisha kuliko ninavyomwonyesha. Mimi nafyatua matofali kwa mtu. Mpe pole Osée. Nikifikiria bega lake nashindwa kula.

Sikuugua. Ulipoandika kwamba utapiga magoti, nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Kama ungeniandikia matusi, ningekuja na fimbo, nina hakika. Mtu anayetukanwa anapata nguvu.

Niliingia chumbani kwa Mulopwe kwa mlango wa mbele, Merdi akinivuta koti. Niliilaza fimbo kitandani, upande wa mkono wake mzima. Nikasema, "Mulopwe, neno nimelisikia. Ni lako, sikatai. Lakini mimi sitalibeba."

Akasema, "Weye ni muguu yangu. Muguu haikatalake."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mulopwe. Lakini imekataa."

Nilingoja anilaani. Hakulaani. Aliuweka mkono juu ya fimbo, akaupapasa ule mti kama mtu anayemtafuta mbwa wake gizani, akageuza uso ukutani. Niliondoka bila kupewa ruhusa, kwa mara ya kwanza maishani. Koti Merdi alinivua getini.

Mmesikia kwamba amefariki wiki mbili zilizopita. Jeneza lilipita barabarani na mimi nilisimama na watu wengine, kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna aliyetembea mbele yake na fimbo. Nililia sana, yaya. Chancelvie alifikiri nalia kwa ajili ya nyumba. Nilikuwa nikimlilia yeye. Sasa Merdi na binamu zake wanagombania kiti. Atakayekaa anaweza kusema neno lile lile, na atampata mtu wa kulibeba.

Juu ya Mwenda, naandika sasa. Nilikuwa ndani ya gari. Niligeuza shingo pale makaburini. Na mwanamke yule aliponiuliza wahame hadi wapi, jibu sikuwa nalo, lakini nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema sijui. Sikusema hata hilo.

Nataka kuja nyumbani. Sikuombi uongee na Mama Chanda kwa niaba yangu.

Alphonse


Kasolo, tarehe 9 Septemba 2023

Alphonse, mdogo wangu,

Tumesali kwa ajili ya Mulopwe. Kanisa lilijaa, hata watu wa Mwenda walikuja. Goti langu limevimba tangu siku ile, natembea na ufagio kama mchawi, Osée ananicheka. Bega lake linakwenda vizuri kidogo. Anasema usiache kula kwa sababu yake, matofali ni mazito.

Barua yako nimemsomea Mama Chanda, yote, pamoja na pale ulipoandika habari zake. Hukuniomba niongee, na sikuongea, nilisoma tu.

Alisikiliza. Kisha akasema hana haja na msamaha, msamaha utakaa wapi ndani ya nyumba ambayo si yake? Anataka kitu kingine. Mume wake amezikwa Mwenda, nyuma ya kanisa, na sasa kuna uzio na mlinzi. Amekwenda mara mbili kwa miguu, wakamrudisha. Anasema mashine zilipita huko kwa sababu wewe ulitangulia. Basi uje utangulie tena. Utembee mbele yake hadi kwenye uzio ule, mikono mitupu, bila koti, umwambie mlinzi jina lako na la Mama Chanda, na usiondoke hadi afungue. Nilimuuliza, na asipofungua? Akasema, "Tutakaa pale na Kapya."

Nilimwambia nitakuandikia hivyo. Akaniambia niongeze kwamba njia ina matope, usivae viatu vya mjini.

Moussa anageuza lori Jumatano. Panda.

Victorine